Kabla ya Taa Mpya, Fuata Waya

Ukitoka Kitengela baada ya saa moja usiku, ukaipita Isinya kuelekea mji wa Kajiado, barabara ya Namanga inakupima macho. Malori ya mpakani yanakuja na taa kali. Bodaboda inatokea gizani bila taa ya nyuma. Ng'ombe wanarudishwa bomani na hawana haraka ya kumaliza kuvuka lami, na kwenye nyanda za Kaputiei hata pundamilia wana njia zao. Mtu akija hapa na Land Rover ya miaka ya 1960 aliyoifufua kwa jasho na pesa, bodi imenyooshwa na injini inaitika, halafu taa za mbele zinamulika mita chache za manjano hafifu, kazi yake haijaisha. Tena sehemu iliyobaki ndiyo inayoweza kuua mtu.

Wenye magari haya wanapokuja kuhusu taa, ombi huwa karibu lile lile: "Fundi, niwekee LED." Ni ombi la haki, ila linaanzia mwisho. Mara nyingi taa ya zamani haijachoka, inalala njaa. Umeme unatoka betrini ukiwa mzima na kufika kwenye taa umepungua, na taa yoyote utakayoifunga pale itarithi njaa hiyo hiyo.

Kwanza jua umri wa gari lako. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948. Series I iliendelea hadi 1958, ikafuata Series II, kisha IIA kuanzia 1961, na Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Baadhi ya Series III zilizobaki humu nchini ziliunganishwa Thika na Leyland Kenya. Taa zenyewe hukudokezea umri: zikiwa katikati, kwenye paneli ya grili, gari ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zikiwa kwenye madigadi, ni la baadaye. Umri huo una maana kubwa kwa umeme. Magari ya mwanzo yalifungwa chanya ya betri kwenye chasi badala ya hasi, na yalichajiwa na dainamo, si altaneta. Balbu ya waya haijali umeme umeingilia upande gani. LED na flasha ya kielektroniki zinajali sana, na ukizifunga kinyume ama haziwaki ama zinaungua. Basi fungua boneti uone ni nguzo gani ya betri iliyoungwa kwenye chasi. Usiamini rangi ya kebo; mafundi wengi wamepita hapo kabla yako.

Sasa fuata waya wa taa ya mbele. Umeme unatoka betrini, unaingia kwenye swichi ya taa dashibodini, unashuka hadi swichi ya dimu, ambayo kwa Series II iko sakafuni na hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, kisha unarudi mbele kupitia viungio kadhaa. Balbu ya halojeni aina ya H4, yenye wati 60 kwa taa kali na 55 kwa dimu, inavuta karibu ampea 5. Mbili ni ampea 10, na zote zinapita kwenye swichi yenye umri wa kustaafu. Kila kiungio chenye kutu kinakula volti kidogo. Na mwanga wa balbu ya waya haushuki sambamba na volti, unaporomoka. Ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga.

Hapa mita ya bei nafuu inakufaa kuliko taa ya bei ghali. Washa injini, kisha taa kali. Weka mita kwenye volti, ncha moja iguse nguzo ya betri isiyoungwa kwenye chasi, nyingine iguse pini ya umeme nyuma ya taa inayowaka. Namba unayoiona ni umeme uliopotea njiani. Nusu volti inavumilika. Ikikaribia volti mbili, umempata mwizi wako. Kisha hamia upande wa pili: ncha moja kwenye nguzo iliyoungwa kwenye chasi, nyingine kwenye pini ya ethi ya taa. Wengi hushangaa kuona upotevu mkubwa uko kwenye njia ya kurudi.

Sababu iko kwenye bodi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo kampuni ya Rover ikatengeneza sehemu kubwa ya bodi kwa aloi ya alumini, Birmabright, juu ya chasi ya chuma. Alumini haioti kutu nyekundu, na watu wakadhani haina kutu kabisa. Kumbe inavaa utando wa oksidi usiopitisha umeme, na inapogusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Gari lililofanya kazi upande wa Ziwa Magadi lichunguzwe mara mbili, kwa sababu vumbi la magadi likilowa ni alkali, na alkali huitafuna alumini. Sasa taa imefungwa kwenye alumini hiyo, na umeme unategemea bolti na skrubu ili urudi betrini. Ukija na rangi mpya, kama kila anayefufua gari anavyofanya, unaziba hata kile kidogo kilichokuwa kikipita. Ndiyo maana Land Rover inaweza kutoka kupakwa rangi ikiwa na taa mbaya kuliko ilivyoingia.

Dawa ni kuacha kuitegemea bodi. Vuta waya mweusi kutoka kila taa hadi sehemu moja ya chasi iliyosuguliwa kwa msasa hadi chuma kitupu, kaza kwa bolti, halafu upake grisi juu. Kwa njia ya kwenda, funga relei mbili, moja ya taa kali na moja ya dimu. Pini 30 inapokea umeme kutoka betrini, 87 inaupeleka kwenye taa, na 85 na 86 ni za koili. Swichi ya zamani sasa inaamsha relei tu, kwa mkondo usiofika hata nusu ampea. Waya wa milimita 2.5 za mraba unatosha. Fyuzi iwe karibu na betri, kwa sababu kipande cha waya kisicho na fyuzi kikikwaruzwa kwenye chasi kinawaka moto.

Na tafadhali heshimu rangi. Magari haya yalifuata mpangilio wa Lucas: buluu yenye mstari mweupe ni taa kali, buluu na nyekundu ni dimu, kijani na nyekundu ni indiketa ya kushoto, kijani na nyeupe ni ya kulia. Fundi anayebadilisha kila kitu kwa waya mmoja mwekundu anamfungia macho fundi atakayemfuata.

Pima tena baada ya hapo, ndipo uamue kama bado unaitaka LED mbele. Ukiitaka, nunua taa nzima ya inchi 7, siyo balbu ya LED ya kuchomeka ndani ya kioo cha halojeni. Kioo hicho kilichongwa kwa ajili ya waya mdogo ulio mahali maalumu. Ukibadilisha chanzo cha mwanga, mwanga unatawanyika na kumpofusha anayekuja. Angalia pia mshale uliochongwa kwenye kioo. Kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto kama Kenya, ukisimama mbele ya taa ukiitazama, mshale uelekee kulia kwako. Taa ya Ulaya bara isiyo na mshale inammulika dereva wa upande wa pili.

Nyuma na kwenye indiketa LED ina faida ya wazi. Dainamo ikizunguka polepole kwenye foleni ya Mlolongo haitoi karibu chochote, na betri ndiyo inayobeba mzigo wote. Indiketa ya kawaida ina balbu mbili za wati 21 kila upande, na flasha ya zamani hufanya kazi kwa joto la mkondo huo. Ukiweka LED, mkondo unakuwa mdogo mno: flasha hugoma, au hupepesa kwa pupa. Badilisha flasha, weka ya kielektroniki isiyotegemea mzigo, ikae kati ya mipepeso 60 na 120 kwa dakika. Nyingi zinataka hasi kwenye chasi, na hapo ule ukaguzi wa mwanzo unakulipa.

Mwisho ni kulenga. Simamisha gari mahali tambarare mita 5 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Ukingo wa juu wa dimu uwe sentimita 5 chini ya kimo cha kitovu cha taa. Land Rover inayobeba mitungi ya maji au mbuzi nyuma huinua pua, na dimu iliyolengwa gari likiwa tupu hugeuka taa kali machoni mwa dereva wa lori. Rudia kipimo hicho baada ya wiki ya kwanza kwenye murram, kwa sababu skrubu za kulengea hulegea kwa mtikisiko.