Kutia Rangi Uzi wa Kufumia

Katika nyanda za Mbozi, ulipo mji wa Vwawa, baridi ya Juni na Julai hulifanya sweta kuwa vazi la lazima. Kwa hiyo kufuma na kutia uzi rangi ni kazi za mikono zinazofaa kufundishwa katika shule zetu za msingi. Hata hivyo, mwalimu asiyejiandaa huwaingiza watoto katika hasara: uzi hukataa rangi au huharibika, nao hudhani kuwa mikono yao ndiyo mibovu. Mara nyingi kiini cha tatizo ni kutoujua uzi wenyewe.

Nyuzi zina asili tatu: mimea, kama pamba, wanyama, kama sufu, na viwanda vya kemikali, kama akriliki. Uzi wa wanyama ni protini, nao hupokea vyema rangi za majani na maganda. Mfano bora ni mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, ambao asili yao ni Uturuki na ambao hufugwa kwa wingi Afrika Kusini na Lesotho. Magamba ya unywele wake yamelala bapa, hivyo uzi hung'aa na rangi huonekana angavu. Uzi wa lesi huwa mwembamba mno: gramu 25 za mohea iliyochanganywa na hariri huweza kufikia mita 200. Pasipopatikana mohea, sufu ya sweta la mtumba lililofumuliwa yatosha kufundishia kanuni hiyo hiyo.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Mwalimu achome ncha ya uzi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopukutika. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha donge gumu.

2. Uzi uzungushwe kwenye mgongo wa kiti, ufungwe kwa kulegea mahali panne, uoshwe, kisha ulowekwe.

3. Kwa gramu 100 za uzi, gramu 10 za shabu ziyeyushwe katika maji. Uzi upashwe moto humo polepole kwa saa moja. Shabu ndiyo ishikizayo rangi.

4. Gramu 100 za maganda makavu ya vitunguu zichemshwe na kuchujwa. Maji yakipoa, uzi utiwe, upashwe moto hadi nyuzi 80 hivi kwa saa moja, kisha uachwe upoe humo humo.

Maji yasitokote, wala uzi usikorogwe kwa nguvu au kutolewa kwenye moto na kutiwa katika maji baridi. Manyoya hushikamana, na uzi wa lesi ukishashikamana haufumiki tena. Mwalimu asiondoke penye moto, na sufuria hiyo isirudi jikoni.

Katika kufundisha, swali litangulie jibu. Vipande vya sufu, pamba na akriliki vitiwe katika sufuria moja, na kila mwanafunzi aandike kwanza anachotazamia. Vikikauka, sufu itakuwa imekolea, pamba itakuwa hafifu, na akriliki itakuwa karibu kama ilivyoingia. Hapo ndipo mwalimu aulize sababu. Mtoto aliyeona tofauti hiyo kwa macho yake hatailaumu mikono yake. Atauchunguza uzi kabla ya kuwasha moto.