Hedhi haionekani, uzito unapanda: Tuanze na sinia la nyumbani



Katika nyumba zetu nyingi yupo dada, wifi au mkwe ambaye hali yake huzungumzwa kwa minong'ono. Yuko mwaka wa tatu katika ndoa na mtoto hajapatikana. Mwili unazidi kunenepa hata akijinyima. Hedhi huja mara moja katika miezi miwili au mitatu, na ikija huenda isikatike upesi. Kidevuni zimeota nywele ambazo huzing'oa kwa siri. Mama mkwe ameanza kuuliza, mawifi wanatupa maneno, na mume naye anashauriwa barazani aongeze mke wa pili.

Kabla mambo hayajafika kwa kadhi, inafaa tujue kwamba dalili hizi zikikutana kwa mwanamke mmoja, aghalabu ni maradhi yanayojulikana. Yana jina, yana matibabu, na sehemu ya matibabu yake ipo jikoni kwetu.

Ni maradhi gani haya?

Hospitalini utasikia yakiitwa PCOS. Ni hitilafu ya homoni inayogusa ovari, yaani viungo viwili vinavyotunza mayai ya uzazi. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Marekani, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zimejaa vifuko vidogo vidogo, na kwa miaka mingi maradhi haya yaliitwa kwa majina yao. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wanayo, na hadi asilimia 70 yao hawajui. Kwa hesabu hiyo, darsa ya akina mama 30 inaweza kuwa na watatu au wanne.

Vifuko hivyo visikutishe. Si saratani. Ni mayai machanga yaliyoanza kukua yakakwama njiani. Yai lisipokomaa na kutoka, hedhi huvurugika na mimba huwa ngumu kushika.

Usijipime kwa kioo. Kwa mujibu wa vigezo vilivyowekwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, daktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha damu kinachoonesha homoni za kiume zimezidi, na ovari zenye vifuko vingi katika picha ya ultrasaundi. Pia huangalia kwanza kama si maradhi ya tezi ya shingoni au homoni nyingine, maana nayo huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi.

Wanga unaingiaje hapa?

Ukila ugali, wali, chapati au muhogo, tumbo huusaga wanga ule ukawa sukari na kuingia kwenye damu. Hapo kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini ni kama ufunguo: huufungua mlango wa chembe ya mwili ili sukari iingie itumike.

Kwa wanawake wengi wenye PCOS, kufuli la mlango huo limekuwa gumu. Ufunguo mmoja hautoshi, basi kongosho hutoa nyingi zaidi. Insulini inapojaa kwenye damu husukuma ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na ndipo nywele zinapoota kidevuni, chunusi zinapotoka na yai linapokwama. Pia insulini nyingi huuzuia mwili kuyeyusha mafuta uliyoyaweka akiba. Mtu hunenepa, na unene nao huzidi kulifanya kufuli kuwa gumu.

Kuna alama moja ambayo imewaletea mabinti wengi maneno yasiyo ya haki. Ni weusi mnene, laini kama mahameli, unaojitokeza shingoni, kwapani au kwenye mikunjo ya mwili. Binti huambiwa haogi vizuri, naye husugua kwa dodoki mpaka anajichubua. Huo si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini imezidi mwilini. Mama, ukiuona kwa mwanao, mpeleke akapimwe sukari.

Tuhesabu kilichomo siniani

Tazama siku ya kawaida. Asubuhi chai ya sukari na chapati mbili au mandazi. Mchana wali na mchuzi. Alasiri kipande cha muhogo au andazi jingine. Usiku ugali. Majina ni tofauti, lakini karibu vyote ni wanga. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme: viazi vitamu vya nazi, mihogo, magimbi, ndizi, tambi, kaimati, vitumbua na uji mtamu. Tunajiona tumeandaa futari ya vyakula vinane, kumbe mwili unakiona chakula kimoja kilichopikwa kwa namna nane.

Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga, na wengi wetu hatuishii kikombe kimoja. Soda nyingi za chupa ya mililita 350 zina takriban gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Anayekunywa chai vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu, naye amefikia vijiko tisa bila kugusa soda.

Ikumbukwe kwamba wanga haukuharamishwa. Mwongozo wa kimataifa wa maradhi haya uliotolewa mwaka 2023 unasema hakuna mlo mmoja uliothibitika kuwa bora kuliko mingine yote. Mlo unaofaa ni ule wenye lishe kamili na ambao mtu anaweza kudumu nao. Tunautaja wanga kwa sababu kwetu sisi ndipo ziada ilipo. Anayetaka kupunguza mzigo huanza na gunia lililo zito.

Kosa tunalolifanya

Dada huyu akienda kulalamika huambiwa: "Punguza kula." Basi anapunguza. Lakini tazama anachokipunguza. Katika nyumba nyingi minofu huwekwa kwenye sinia la wanaume, watoto hugawiwa kinachofuata, na mpishi mwenyewe hubaki na ukoko na mchuzi uliosalia. Ukimwambia huyu apunguze wanga bila kumpa kitoweo, umemwambia ashinde na njaa. Atavumilia mpaka alasiri, kisha atakula mandazi manne kwa mara moja na kujilaumu kwamba hana subira.

Kwa hiyo kupunguza wanga maana yake ni kujaza nafasi yake kwa kingine. Gawa sahani mafungu manne. Mafungu mawili yawe mboga: mchicha, matembele, bamia, kabichi, bilinganya, matango. Fungu moja liwe kitoweo: samaki, dagaa, kuku, mayai, nyama, au maharage, choroko na kunde. Fungu la mwisho liwe wanga wowote upendao, mmoja tu. Ukichagua wali, viazi na chapati visubiri siku nyingine. Maharage nayo yana wanga, lakini yana protini na nyuzinyuzi nyingi, na sukari yake huingia kwenye damu polepole. Dona ni bora kuliko sembe, ila kipimo ni kile kile.

Anza kula mboga na kitoweo, wanga umalizie. Mpangilio huo peke yake husaidia sukari isipande kwa ghafla. Asubuhi jaribu mayai mawili na mboga, au bakuli la maharage, au supu ya samaki, na chai ambayo sukari yake unaipunguza kijiko kimoja kila wiki mpaka uizoee bila sukari. Tunda lile zima badala ya kulifanya juisi. Njaa ya katikati itulizwe kwa kiganja kimoja cha karanga. Tui la nazi na mafuta ya kupikia vitumike kwa kiasi, kwani mafuta mengi nayo hunenepesha.

Asiseme mtu kwamba huu ni mlo wa matajiri. Fedha ya soda na sukari iliyookolewa hununua dagaa na mchicha, na fungu la choroko hulisha watu wengi.

Wakati wa Ramadhani, futuru kwa tende mbili au tatu na maji, kaswali Magharibi, kisha anza na supu na kitoweo, na uchague aina moja tu katika zile nane. Daku nayo usiiache. Iwe na mayai au maharage ili ikushikilie mchana.

Pamoja na mlo, tembea. Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa kukuharakisha pumzi. Mwendo huo hulainisha lile kufuli hata kabla mizani haijashuka.

Kilo ngapi zinatosha?

Hapa ipo habari njema. Huhitaji kurudi katika mwili wa siku ya harusi. Kupungua asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito huwarudishia wengi mpangilio wa hedhi. Mwenye kilo 90, asilimia 5 ni kilo nne na nusu. Hiyo ni kazi ya miezi kadhaa, wala si ya wiki mbili. Jipime mara moja kwa wiki na uandike tarehe za hedhi kwenye kalenda, maana huenda hedhi ikatengemaa kabla nguo hazijalegea.

Jihadhari na chai na vidonge vinavyouzwa mitaani kwa ahadi ya kukata tumbo. Vingi vinaharisha tu, na kinachopungua ni maji. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asibadili mlo bila daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka mno akaanguka. Mjamzito na anayenyonyesha nao watake ushauri kwanza. Na wapo wembamba wenye maradhi haya. Hao wasipunguzwe uzito, watibiwe.

Hospitali lini?

Ikiwa siku 90 zimepita bila hedhi na huna mimba, nenda. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba usipotoka kwa muda mrefu huzidi kuwa mnene, na hatari ya saratani ya sehemu hiyo huongezeka. Nenda pia ikiwa damu haikatiki. Mtume (SAW) aliulizwa na Fatima bint Abi Hubaysh (RA) kuhusu damu isiyokatika, akamfafanulia ipi ni hedhi na ipi siyo, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa yeye hakuona haya kumuuliza Mtume kwa ajili ya swala yake, wewe usione haya kumuuliza daktari kwa ajili ya mwili wako, na sheikh kwa ajili ya ibada yako.

Daktari anaweza kukupa dawa za kurekebisha hedhi, metformini ya kusaidia insulini ifanye kazi, au letrozoli ya kukomaza yai kwa anayetafuta mtoto. Omba upimwe sukari na shinikizo la damu pia, kwa sababu wenye PCOS hupata kisukari kwa urahisi zaidi. Mlo hausimami mahali pa dawa, huisaidia.

Neno kwa mume na mama mkwe

Ewe mume, nawe ukapimwe. Si kila mtoto asiyepatikana sababu yake ni mke, na kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko vingi anavyopitia yeye. Katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na ya 50, tumefundishwa kwamba watoto ni hiba ya Allah (SW), humpa amtakaye. Basi kumsimanga mtu kwa jambo lisilo mkononi mwake ni dhuluma.

Na wewe mama mkwe, jungu la nyumbani ni moja. Mkweo hawezi kupika pilau la watu kumi kisha akae pembeni na tango lake. Sinia likibadilika kwa wote, litamsaidia yeye na litamkinga mwanao na kisukari. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (SAW) amelifundisha tumbo kugawiwa mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Na Surat Al-A'raf, aya ya 31, imetukataza israfu katika kula na kunywa. Mafundisho hayo hayakuwekwa kwa mgonjwa peke yake.

Leo jioni utakapopakua, msogezee na yeye kipande cha samaki.

Wabillahi tawfiq.