Juu ya Nini Tunawapa Wamama Kinini ya Foliki

Siku ya kupima mimba mama mmoja anauliza, na wengine kwenye benchi wanatikisa kichwa: « Mi siko mugonjwa. Juu ya nini munanipatia kinini kila siku? » Ulizo lake ni zuri. Jibu lake si fupi, kwa maana linatupeleka ndani kabisa ya mwili, pahali macho hayafiki.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo. Karibu kila chembe ina uzi mrefu unaoitwa ADN, na uzi huo ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba. Juu yake mna maandiko ya herufi nne tu: A, T, G na C. A inashikana na T, G inashikana na C, siku zote. Maandiko tuliyopokea kwa baba peke yake ni herufi karibu milioni elfu tatu, na kwa mama vilevile. Mbele chembe moja igawanyike kuwa mbili, sharti maandiko hayo yote yanakiliwe, toka mwanzo hata mwisho.

Wafanyakazi wa kazi hiyo ni wengi, lakini tutaje wawili. Wa kwanza anaitwa helikazi. Ana umbo la pete ya vipande sita. Anatembea juu ya uzi mmoja na kuuachanisha na mwenzake. Wa pili ni polimerazi. Yeye anafuata nyuma, anasoma uzi uliofunguliwa, na mbele ya kila herufi anaweka ile inayofaa. Upande mmoja anaandika bila kukatiza. Upande wa pili uzi umegeuka, naye hajui kuandika kinyume, basi anaandika vipande vifupi vifupi, na mwingine anaviunga. Vipande hivyo vilijulikana kwa kazi ya Reiji na Tsuneko Okazaki wa Japani, bwana na bibi yake, katika miaka ya 1960.

Baba zetu wa Likasi na Kambove waliofanya kazi chini ya udongo wataelewa upesi. Mmoja anatangulia kuvunja jiwe, wengine nyuma wanasimamisha miti ya kuzuia. Yule wa mbele hawaachi wenzake mbali. Miti ikikosekana naye akaendelea kuchimba, juu yake kunabaki jiwe tupu, na siku moja litaanguka. Ndivyo ilivyo ndani ya chembe. Polimerazi akiwa karibu, helikazi anakwenda mbio; polimerazi akisimama, helikazi anapunguza mwendo, lakini pengine anaendelea kufungua. Uzi unabaki wazi. Kuna walinzi wanaoufunika kwa muda, lakini si siku zote wanatosha, na uzi ulio wazi unakatika upesi.

Ni nini kinachomsimamisha polimerazi? Sababu moja ni kukosa herufi. Ili mwili utengeneze herufi T, sharti upate foliki. Foliki ikipungua, T inapungua. Polimerazi anangoja, ao anaweka U pahali pa T. Wenye kutengeneza wanakuja, wanakata ile U na kuitoa. Lakini T bado haiko, basi U inarudi, na uzi unakatwa tena.

Hasara inaonekana kwanza katika uboho wa mifupa, kwa maana huko mwili unatengeneza chembe nyekundu karibu milioni mbili kila sekunde. Chembe zinakua bila kugawanyika, zinakuwa kubwa na chache. Mtu wa laboratwari anaziona kwa mikroskopi. Mama anachoka, moyo unapiga mbio, macho yanakuwa meupe. Chuma peke yake haiponyi jambo hili, ndiyo sababu kinini yetu ina chuma na foliki pamoja.

Kwa mtoto tumboni kuna hatari nyingine. Njia ya uti wa mgongo inajifunga siku 28 baada ya mimba kuingia, mara nyingi mama hajajua kama ana mimba. Tuseme wazi: kinini unayoanza mwezi wa nne imechelewa kwa mgongo, lakini haijachelewa kwa damu. Anayetaka kuzaa aanze mbele.

Sasa jambo linalotuletea shida hapa. Mududu wa malaria naye ana ADN yake, helikazi wake na polimerazi wake. Fansidar, ile dawa ya kinini tatu tunayompa mama anywe mbele yetu, inamzuia mududu asitengeneze na kutumia foliki. Anakosa herufi, kunakili kunasimama, anakufa. Lakini mama akinywa foliki nyingi sana, mududu naye anajisaidia. Utafiti wa Kenya ya magharibi, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba foliki ya miligramu 5 kwa siku inapunguza nguvu ya dawa hiyo, na ile ya miligramu 0,4 haipunguzi.

Katika nyumba yenye mtoto wa SS, mara nyingi kuna chupa ya foliki ya miligramu 5. Mtoto huyo anaihitaji, kwa sababu chembe zake nyekundu haziishi siku 120 kama zetu, zinaishi pengine siku 10 ao 20, na uboho wake haupumziki. Mama mwenye mimba anaona dawa ni ile ile, anachukua humo. Hapana, mama! Kunywa ile ndogo uliyopewa. Kama wewe mwenyewe una SS, ao unakunywa kotrimoksazoli kila siku, mwambie muuguzi mbele ya kupokea Fansidar, kwa maana kotrimoksazoli na Fansidar hazichanganywi.

Chakula pia kinaleta foliki: maharagwe, maini, machungwa, lengalenga. Lengalenga usiipike sana, moto mrefu unaharibu foliki. Sombe ni neno lingine: sharti itwangwe na kupikwa vizuri kwa ajili ya sumu yake, usipunguze moto. Na lutuku inapunguza foliki ya mtu kuliko anavyofikiri.

Ukija kupima mimba, leta chupa zote za dawa zilizo nyumbani, hata zile za watoto. Tutasoma miligramu pamoja.