Walisoma Kilatini, Kiswahili wakakikuta sokoni

Mzee mmoja wa Tororo anayeleta mahindi na maharagwe Busia, upande wa Kenya, bado anakumbuka namna neno la Kilatini la meza linavyogeuka: mensa, mensam, mensae. Alilikariri miaka ya 1960 akiwa mseminari, kabla ya kuacha masomo ya upadri na kugeukia magunia. Kiswahili anachopigia bei hakufundishwa na mwalimu yeyote.

Wako wengi wa rika lake. Wamisionari wa Mill Hill, waliofika Uganda mwaka 1895, walifundisha Kilatini kwa kuwa ndicho kilichotumika katika misa na masomo ya upadri. Kijana aliyeingia seminari kama ile ya Nagongera akiwa na Kijapadhola, Kiteso au Kisamia cha nyumbani alikipata kupitia Kiingereza, na baadhi ya mapadri hao walikuwa Waholanzi! Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965), misa iliposomwa kwa lugha za wenyeji, Kilatini kikapungua nguvu.

Si kwamba kilipotea bure. Meza yetu ilitoka kwa Wareno, nao waliirithi kwa mensa hiyo hiyo. Hata leso zinazouzwa Busia zina jina la Kireno lenye asili ya Kilatini.

Kiswahili chenyewe kilikuwa na bahati mbaya Uganda. Gavana William Gowers alitaka kifundishwe shuleni tangu 1927, lakini Kabaka Daudi Chwa na maaskofu wakapinga. Idi Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, watu walikuwa wakikisikia kwa askari kuliko kwa mwalimu. Hapo ndipo kilipoharibikiwa jina, na hadi leo wapo akina mama wa Tororo wanaokielewa vizuri lakini wakisemeshwa hujibu kwa Kiingereza au Luganda.

Kenya ilikifanya somo la lazima lenye mtihani chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985. Kwa hiyo Wasamia wawili, lugha ya mama moja, hutofautiana kwa sababu tu mpaka ulipita katikati yao: mmoja ana ngeli, mwingine ana bei na salamu.

Sokoni hilo halisumbui. "Mama, punguza kidogo" inatosha. Taabu iko kwenye karatasi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unamruhusu mwenye bidhaa zilizoorodheshwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000, kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Lakini Mkataba wa 1999 uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, na asiyekisoma hulazimika kumtafuta mtu wa kumjazia, ambaye naye hutaka chai.

Tangu 2020 mtaala mpya wa Uganda unakilazimisha Kiswahili katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Walimu hawatoshi. Watoto hao watafika mpakani wakiwa na ngeli zao baada ya miaka kadhaa. Mama mwenye magunia matatu ya maharagwe anavuka kesho asubuhi.