Pafukapo Moshi Pana Moto wa Nani?

Wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Mimi nifundishaye isimu huwaomba wanafunzi waitazame ile PA mara mbili. Ni kiambishi cha mahali mahsusi, mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Mahali pasipo dhahiri Kiswahili hupatengea KU. Tofauti hiyo hunirudia akilini kila nitazamapo picha za setilaiti za Kitui na Makueni wakati wa kiangazi.

Picha hizo hupatikana bila malipo. Shirika la NASA la Marekani huzitoa kupitia huduma iitwayo FIRMS, kwa kawaida saa tatu hivi baada ya setilaiti kupita. Lakini zile nukta nyekundu ambazo wengi hudhani ni moshi, kwa hakika ni joto. Chombo kiitwacho VIIRS huigawa ardhi katika vipande vya mita 375 kila upande, takribani ekari 35. Nukta moja basi yaweza kuwa mteremko wa milima ya Chyulu unaoteketea, au mkulima wa Wote achomaye mabua akingoja mvua za vuli. Ramani haisemi ni yupi.

Moshi wenyewe huonekana katika picha za mchana kama utando wa kijivu, nao haukai ulikozaliwa. Upepo wa kusini-mashariki uvumapo, kati ya Juni na Septemba, moshi wa Chyulu huelekea Kajiado na Amboseli, ilhali utando ulio juu ya Makindu huenda umetoka Tsavo. Moshi uko hapa. Moto uko huko.

Upande wa pili wa methali nao una kasoro. Mchoma makaa wa Kitui hulifunika tanuri lake kwa majani na udongo, magogo yakaungua polepole kwa siku kadhaa. Joto hubaki ndani. Setilaiti hupita mnamo saa saba na nusu mchana, ikarudi saa saba na nusu usiku, na mara nyingi haioni kitu. Gavana Charity Ngilu alipopiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018, mzozo ulizuka juu ya malori barabarani, si juu ya picha za angani.

Nahofia siku ambayo mkulima ataitwa kwa chifu kujibu nukta ya ramani, na aliyekata miti ya watu akalala salama kwa kuwa hana nukta. Kwa nini walimu wa jiografia na wa Kiswahili wasiketi pamoja? Wanafunzi wachukue picha ya jana, waulize upepo ulitoka wapi, kisha wamtafute aliyekuwako. Huenda mmoja wao akainua mkono na kusema kwamba nukta ile ni ya shamba la kwao, moto uliowashwa saa sita na kuzimwa saa nane.