Kupiga Windows hakutibu chaja

"Waitu, mashine imekuwa nzito ghafla, nadhani ina virusi. Nipigie Windows."

Ombi hilo nalisikia Kitendaguro, nalisikia Rwamishenye, na kukiwa kimya huku mjini Bukoba mtu wa Muleba atapiga simu kulitoa. Jibu langu ni swali ambalo wengi huona linawapotezea muda: hiyo chaja umenunua wapi?

Sisemi virusi havipo. Nasema kirusi hakifanyi kile ambacho mashine yako inafanya, na kulithibitisha hilo hakuhitaji fundi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, nenda kwenye Performance. Ipe mashine kazi nzito, kisha soma namba mbili: asilimia ya matumizi ya prosesa na kasi yake kwa gigahezi. Kirusi kinachochimba sarafu za kidijitali kwa siri hupandisha zote mbili na feni ikalia juu yake. Mashine ninazoletewa zinaonyesha kitu kingine: matumizi asilimia 100, kasi 0.79, na haisogei. Prosesa ya i5-2520M, ambayo imo kwenye Dell Latitude E6420 nyingi zilizotumika Ulaya na Marekani kabla ya kufika kwetu, hukimbia kwa gigahezi 2.5 na inaweza kupanda hadi 3.2. Ukiona 0.79 chini ya mzigo, kuna kitu kimeiamuru itambae. (Ukiwa hufanyi lolote, kasi ndogo ni kawaida na inakutunzia betri. Usinipigie simu usiku kwa hilo.)

Aliyetoa amri si Windows. Kwenye ubao mkuu kuna chipu inayosimamia chaja, betri na feni, na kutoka hapo kuna njia inayofika kwenye prosesa, ambayo mafundi tunaiita PROCHOT. Kazi yake ya asili ni joto: prosesa ikizidi kuchemka, inatoa ishara. Lakini kwenye mashine nyingi njia hiyo inafanya kazi pande zote mbili. Chipu ya nje ikitoa ishara ileile, prosesa inatii papo hapo na kushuka hadi kasi ya chini kabisa, hata kama ni ya baridi kama asubuhi ya Bukoba. Windows haiulizwi.

Sasa tazama ncha ya chaja ya Dell ya mviringo. Katikati kuna pini nyembamba. Pini hiyo haibebi umeme wa kuendesha mashine, inabeba utambulisho. Ndani ya chaja ya kweli kuna chipu ndogo inayojitaja: mimi ni wati 65, au mimi ni wati 90. Mashine isipopata jibu, inachukulia kwamba imechomekwa kwenye kitu kisichojulikana uwezo wake, inakataa kuchaji betri na inaibana prosesa. Na haifichi! Inapowaka inaandika kwamba aina ya chaja haikutambulika, kwamba itafanya kazi polepole na betri haitachaji. Watu wanabonyeza F1 na kupita. Wengine walishabonyeza F3, ambayo kwenye Latitude za zamani inazima onyo hilo lisitokee tena. Miezi michache baadaye hakuna anayekumbuka, na virusi vinabebeshwa lawama.

Chaja feki mara nyingi haina chipu hiyo, au inayo lakini inadanganya wati zake. Hata chaja halisi inaugua: waya mwembamba wa utambulisho hukatika karibu na ncha kwa kukunjwakunjwa, huku nyaya nene zikiendelea kupitisha umeme. Ndiyo maana taa inawaka, mashine inawaka, na mwenye mashine anaapa kwamba chaja ni nzima. HP na Lenovo nao huitambua chaja kwa njia zao.

Kupiga Windows kwa tatizo hili ni kupaka rangi nyumba ambayo luku imeisha. Windows inakaa kwenye diski. BIOS, yaani programu ya ubao mkuu inayoiamsha mashine, na chipu inayosimamia chaja hazikai huko, na hakuna DVD wala flashi inayozigusa kwa kupiga Windows. Nasikia bishano: "Mbona jirani yangu alipigiwa ikapona?" Ilipona kwa sababu fundi aliitumia na chaja yake mwenyewe mezani. Au mashine ilizimwa kabisa ikapoa. Au programu kumi zilizokuwa zinajiwasha zenyewe zilifutwa, jambo ambalo mngelifanya kwa dakika tano bila kupoteza picha za harusi na matokeo ya wanafunzi. Ikirudi nyumbani kwenye chaja ileile, inatambaa tena, na mteja anaambiwa virusi vimerudi.

Na kuna madhara. Windows nyingi zinazopigwa vichochoroni huja na programu ya kuvunja leseni, na ili ifanye kazi fundi huzima ulinzi kwanza. Hapo ndipo virusi unavinunua kwa pesa yako. Wengine bado wanapiga Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Tena fundi asipoweka madereva ya kampuni iliyotengeneza mashine, yakiwemo yanayosimamia nishati, mashine nzima inaweza kuanza kubanwa baada ya "tiba".

Kuna pia wanaosingizia umeme wa Uganda, kwa kuwa Bukoba kwa miaka mingi imewashwa kutoka Masaka kupitia Kyaka. Soma maandishi mgongoni mwa chaja: volti 100 hadi 240. Taa ya sebuleni ikififia jioni, chaja nzuri haitambui tofauti. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unaweza kuiua chaja, hasa ya bei poa, lakini hilo ni kosa jingine.

Nikubali moja: sasisho linaweza kubadili tabia ya prosesa. Julai 2018 MacBook Pro mpya zilibanwa kasi kupita kiasi zikichemka, Apple ikakiri kasoro ndani ya programu yake na kuirekebisha mwezi huohuo. Baada ya udhaifu wa kiusalama wa prosesa uitwao Plundervolt kutangazwa Desemba 2019, masasisho ya BIOS yalifunga uwezo wa kushusha volti za prosesa, na waliotegemea ujanja huo wakaona mashine zao zinachemka upya. Hata hapo kupiga Windows si dawa.

Haya, ya kufanya. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha jaribu tena. Azima chaja halisi yenye wati zilezile au zaidi. Kwenye Dell bonyeza F2 inapowaka uone kama chaja inatajwa kwa wati zake au haijulikani. Chaja ya simu kwenye tundu la USB-C haitoshi, acheni. Betri msiitoe kwa nia ya kuitunza: baadhi ya mashine, MacBook za zamani zikiwemo, hupunguza kasi makusudi zisipoiona. Kwenye mpangilio wa nishati, kiwango cha juu cha prosesa kikiwa asilimia 99 badala ya 100, kasi ya ziada inazimika, kwa hiyo kirudisheni. Safisha feni, badilisha pasta ya joto. Programu ya ThrottleStop inaweza kuifanya prosesa ipuuze ishara ya chipu ya nje, na vijana wanaipenda. Kwa chaja feki ya wati zisizojulikana siifungi, hata ukinilipa mara mbili. Sasisha BIOS kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, betri ikiwa na chaji na chaja halisi ikiwa imechomekwa.

Namba ikibaki 0.79 baada ya hayo yote, huenda ni tundu la chaja au ubao mkuu. Leteni mashine, na mje na chaja mnayoitumia nyumbani, si ile nzuri ya shemeji.