Jino Limuumalo Mama Mja Mzito

Wasikilizaji wetu, mama mja mzito aumwapo jino, mara nyingi huambiwa avumilie mpaka ajifungue. Wengine husema mtoto aliye tumboni ndiye ayalaye meno ya mamaye. Hasha, si kweli. Mtoto hupata chokaa ya mifupa yake katika chakula cha mama. Nacho kikipungua, huitwaa katika mifupa ya mama, wala si katika meno.

Ukweli ni huu: wakati wa mimba fizi huwa laini, na uchafu kidogo tu huzivimbisha zikatoka damu. Tena matapishi huleta kinywani maji makali ya tumbo, nayo hulegeza gamba gumu la jino. Basi mama akiisha kutapika na asukutue kwa maji matupu, angoje kama nusu saa, ndipo apige mswaki. Mswaki wa mti wafaa pia.

Kwa ndugu zetu wa machimbo ya dhahabu ya Geita tuna neno zaidi. Huko wajawazito wengi hutafuna udongo, ule uuzwao kwa jina la pemba, au wa kichuguu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 uliwauliza wajawazito 340, na 155 kati yao walikuwa wakiula. Mchanga uliomo husaga meno. Tena katika udongo huo ilionekana sumu iitwayo aseniki. Naye mama ashikaye zebaki ya kukamatia dhahabu amwambie daktari, maana zebaki nayo huvimbisha fizi, na hupita hata kumfikia mtoto.

Sasa jino lililokwisha kuoza. Sindano ya ganzi na kung'oa jino havimdhuru mtoto. Wakati ulio mwepesi kwa mama ni mwezi wa 4 hadi wa 6, lakini jino lenye usaha lisingojewe mwezi wowote. Shavu likivimba mpaka shingoni, au akipata homa, au akishindwa kumeza, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kwa baiskeli.

Na dawa za dukani je? Asinunue kabla ya kusema kwamba ana mimba. Tetrasaiklini huyatia meno ya mtoto rangi ya manjano au kahawia, naye mtoto hajaota hata moja. Siku ya kliniki mama asingoje kuulizwa: na afungue kinywa, bibi mkunga atazame.